Bajaji ya Matangazo na Chama cha Beseni

Wadogo zangu wa Form One, sogeeni, mstaafu anaongea. Najua mnacheka. Mnasema huyu Elisha yuko Form Three, ndevu zake mtu anaweza kuzipa majina moja moja, amestaafu nini? Nimestaafu kutangaza. Kazi niliianza nikiwa darasa la sita, nikaiacha kwa sababu za kiafya: sauti ilinivunjikia hadharani, maiki mkononi, nusu ya Goba ikisikia. Wastaafu wengine huagwa kwa bati za kuezekea na keki. Mie niliagwa kwa soda ya moto, na chupa nikaambiwa nirudishe.

Nawaandikia kwa sababu nasikia wawili kati yenu mmeanza kwenda kwa Baba Shani kuulizia nafasi yangu. Nendeni tu. Ila msiende vichwa vitupu kama nilivyoenda mie.

Baba Shani mnamfahamu, yule mwenye bajaji yenye spika mbili za bati juu, moja inatazama mbele na nyingine inatazama nyuma kama watu wawili waliogombana. Anatangaza chochote. Chanjo ya watoto, maji kukatika, mechi ya ndondo, duka la mchele kufunguliwa, duka hilo hilo kufungwa. Mwaka wa uchaguzi anatangazia vyama, vyote. Nilimuuliza siku ya kwanza yeye ni chama gani. Akanitazama kwenye kioo.

"Dogo, spika haina chama. Spika ina betri. Shika maiki."

Sasa sikilizeni kazi. Maiki hailambwi. Iache mbali na mdomo kiasi cha ngumi, la sivyo watu watasikia mate tu. Usile andazi kabla ya kazi, utamtemea mteja makombo hewani. Tafuna tangawizi. Taja kwanza mahali, halafu saa, halafu ndiyo utaje jina la mheshimiwa, maana watu wanataka kujua ni wapi na ni saa ngapi. Jina la mheshimiwa wanalo kwenye ukuta wa choo. Na huku kwetu Goba kwenye milima usitangaze mkiwa mnapanda. Injini ya bajaji ikipanda inalia kuliko wewe. Subiri mfike kileleni, zima injini, geuzia spika bondeni, kisha ongea taratibu. Sauti itateremka yenyewe mpaka jikoni kwa watu.

Na mkiona turubai, zimeni. Hilo nilijifunza kwa aibu. Tulikata kona nikiwa katikati ya "Furaha imefika mtaani kwenu!", kumbe hapo mbele kuna msiba. Mzee mmoja wa Kizaramo akainuka mkekani, akaja mpaka dirishani, akatuambia kwa upole kabisa, "Wanangu, furaha yenu ipiteni nayo kule." Baba Shani akazima kila kitu. Akanishusha, akanisukumia mkekani nikatoe shikamoo kwa kila mzee, tukakaa mpaka dua ikaisha. Mteja wa siku hiyo alipiga simu mpaka akachoka. Nyie mkija kuwa matajiri wa bajaji, fanyeni hivyo hivyo.

Kitu kimoja hakuna anayewaambia kuhusu kazi hii: spika inajibiwa. Mheshimiwa akiwa jukwaani anapigiwa makofi. Wewe uliye kwenye bajaji unapita uani kwa watu, unayasikia majibu yenyewe. Zamani, nikiwa bado darasa la sita, wakati wa kampeni watoto walikuwa wanatukimbilia, akina mama wanapiga vigelegele, watu wanaagiza kofia. Kampeni za serikali ya mtaa zilipokuja juzijuzi hapa, hali ilikuwa nyingine. Nikisema "Ndugu wananchi," dirisha linafungwa. Nikisema "maji," mama mmoja mwenye ndoo kichwani anajibu bila hata kugeuka, "Mwambieni yale ya kwanza hayajafika!" Mbwa wa kwa Mzee Lyimo ndiye peke yake aliyekuwa bado ana hamasa.

Tulikuwa na wateja wawili. Mie nitawaita Chama cha Kwanza na Chama cha Pili, kwa sababu nataka nimalize shule salama. Asubuhi tunatangazia cha Kwanza, jioni cha Pili, bendera tunabadilishia nyuma ya gereji. Ahadi za wote nilikuwa nimezikariri kama mistari ya kipaimara. Sasa siku moja kichwa kikateleza. Bendera ya cha Kwanza inapepea, mie namwaga ahadi za cha Pili. Nimezunguka nazo mtaa mzima mpaka adhuhuri. Nimekuja kushtuka, katibu wa cha Kwanza huyu hapa barabarani anatupungia mkono tusimame. Nikajua leo nimekwisha.

Akaingiza kichwa dirishani. "Dogo, leo umetangaza vizuri kuliko siku zote. Kaza hapo hapo."

Baba Shani alicheka mpaka akashindwa kushika usukani. Mtaa mzima hakuna aliyegundua, isipokuwa mtu mmoja. Tulipopita nyumbani kwetu, mama mdogo wangu, Mama Happy, akainua kichwa kwenye cherehani.

"Elisha! Hizo si ahadi za wale wa jioni?"

"Mama, zinafanana."

"Najua zinafanana. Ndiyo maana nakuuliza."

Mama Happy ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa. Anashona sare za shule. Hizo suruali zenu za kijivu zinazowabana, nusu yake katoa yeye. Kadi ya Chama cha Kwanza anayo tangu Singida, kabla hajaijua Dar inafananaje. Kanga za kila uchaguzi anazo, zimekunjwa kabatini kwa mpangilio wa mwaka. Alikuwaga mtu wa kuimba mkutanoni mpaka anarudi hana sauti. Lakini nyumba yetu iko ukingoni mwa korongo.

Korongo mnalijua, lile mnalotupia mpira kisha mnalaumiana. Kila masika linakula kipande. Mwanzo lilikula mgomba, kisha banda la kuku, kisha jiko, na lililokuwa likifuata kwenye foleni ni chumba changu. Mvua ikianza kunyesha Mama Happy anaacha kushona, anasimama mlangoni na kanga begani. Nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali kwa sare za watoto wa watu, na hana nyingine.

Chama cha Kwanza walipokuwa na mtaa walikuja na ngoma, wakaweka jiwe la msingi la ukuta wa kuzuia korongo. Wakashindwa uchaguzi. Chama cha Pili wakaushika mtaa, wakaja na ngoma kubwa zaidi, wakasema lile jiwe la wenzao ni la uongo, wakaweka la kwao. Kwa hiyo mtaa wetu una mawe mawili ya msingi, wala hauna ukuta. Mawe yenyewe ni mazuri, siyasemi vibaya. Wateja wa Mama Happy wanayakalia wakisubiri kupimwa.

Sasa ndipo akatokea Refa Shomari.

Huyu ni refa wa ndondo, mtu wa hapa hapa Dar, bibi yake kazaliwa Kunduchi, babu yake Magomeni. Mrefu, mkavu, ana bukta nyeusi ya tangu enzi. Hakuna mtu Goba hajawahi kumtukana. Alishampa kadi nyekundu mdogo wake wa damu kwenye nusu fainali, mama yao akagoma kumpikia futari. Alikataa goli la timu ya mjumbe. Aliwahi kusindikizwa na mgambo. Lakini hata wanaomtukana wanakwambia, jamaa hahongeki, walishajaribu.

Refa alikuwa hataki chama chochote. Alitaka agombee uenyekiti wa mtaa kama yeye, Shomari, mtu na kipenga chake. Wakamwambia sheria haina mtu hivyo. Lazima chama kikudhamini. Basi akaenda kutafuta chama kama mtu anavyotafuta suti ya kuazima ya harusi, isibane na mwenyewe asiwe mnoko. Akakipata kimoja kidogo, ofisi yao chumba kimoja Mwananyamala, nembo yao beseni. Katibu wao akaja kwa bodaboda na bendera moja, akamkabidhi, akamwambia, "Ukimaliza uirudishe, tunaihitaji Temeke."

Mwanzo tulicheka. Vijiweni ikawa, oya, na wewe ni beseni la kunawia au la kuogea? Lakini baada ya siku chache nikaanza kusikia kitu kingine kutoka uani. Nikipita na ahadi za Chama cha Kwanza, wanaguna. Nikipita na za cha Pili, wanaguna. Kisha anasikika mtu anasema, "Hawa Beseni je?" Mwenzake anajibu, "Siwajui." "Hata mie siwajui. Si ndiyo uzuri wake?" Mzee Lyimo, ambaye kabadilisha kadi mara nyingi mpaka picha yake ya pasipoti imechakaa, alisema yeye safari hii anataka kudanganywa na mtu mpya.

Siku yangu ya kustaafu ilikuwa Jumamosi. Refa aliita mkutano pale juu, kwenye kipande kilicho wazi jirani na korongo, mita chache tu kutoka kwetu. Hakuwa na hela ya spika. Alipiga kipenga, watu wakatoka ndani kwa mazoea ya kuja kumtukana, wakajikuta wameshakuwa mkutano. Na kwa kuwa hakuna spika, ilibidi wasogee karibu. Sie tukaja tunapanda na bajaji, bendera ya Chama cha Kwanza, mkutano mkubwa kuanza saa kumi. Tukafika kileleni. Kwa utaalamu ule ule niliowapa, Baba Shani akazima injini. Nikashika maiki.

"Ndugu wananchi wa Go..."

Sijui niwaelezeje. "Go" ilitoka ya mtoto, "ba" ikatoka ya babu, na katikati pakapita kitu kama jogoo aliyekanyagwa. Nikajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, na spika zote mbili zinaipeleka bondeni kwa uaminifu. Mkutano mzima wa Refa ukageuka. Kisha Refa akapiga kipenga kirefu, akaninyooshea mkono.

"Mchezaji kaumia! Atolewe nje!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Mama Happy, aliyekuja kusimama nyuma kabisa akijifanya anapita tu, alijifunika uso na kanga. Baba Shani akanishusha kwa huruma, akachomeka flashi yenye sauti ya dada mmoja wa mjini, akaondoka. Basi. Kazi ikawa imeisha. Siku hizi ni hiyo flashi inatangaza. Dada hachoki wala habalehe, ila kwenye msiba hajui kunyamaza, ndiyo maana Baba Shani bado anatafuta mtoto.

Nikabaki mkutanoni kwa kukosa pa kwenda, nikasikia yote.

Refa alikuwa anasema, "Mie ukuta siwaahidi. Ukuta ni wa wakubwa, na mawe yao mnayo. Mie nimetembea hapa wakati wa mvua. Haya maji yanayokula korongo hayatoki mbinguni moja kwa moja. Yanatoka kwenye mabomba ya paa za nyumba za huku juu, yote yameelekezwa njiani, na njia inayatupa kwa Mama Happy."

Watu wakatazamana. Kila mtu alikuwa anajua. Nyumba za huku juu ni za nani? Yule mwenye geti la bluu ni mfadhili wa Chama cha Kwanza. Yule mwenye ghorofa alikodisha magari ya Chama cha Pili. Mwenyekiti gani angekwenda kuwagongea awaambie wageuze bomba?

"Mie nitawagongea," Refa akasema. "Sina mfadhili wa kumwogopa. Chama changu kina beseni tu."

Makofi. Hapo ndipo Mama Happy akasogea mbele. Mwenye kadi ya tangu Singida. Watu wakampisha.

"Refa, shikamoo sikupi, maana mie mkubwa kwako. Nakuuliza kitu kimoja. Wewe nyumba yako si ile pale yenye bati jekundu?"

"Naam, mama."

"Na bomba lako la paa linamwagia wapi?"

Jamani. Nimeshuhudia penalti nyingi, hiyo ndiyo ya kwanza kupigiwa refa mwenyewe. Refa akageuka, akaitazama nyumba yake. Sie wote tukageuka tukaitazama. Bomba lile pale, jeupe, limenyooka, mdomo umeelekea njiani kama linaongea nasi.

"Linamwagia njiani," Refa akasema.

"Kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Basi ndiyo nyie nyie!" mtu akapiga kelele nyuma. "Twendeni zetu!" Na kweli watu wakaanza kugeuka. Mie nilimtazama Mama Happy, hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. Alikuwa amechoka. Alikuwa anataka sana awepo hata mmoja aliye tofauti.

Refa akapiga kipenga. Watu wakasimama, mazoea mabaya. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa kadi ya njano, akaiinua juu, akajionyesha mwenyewe.

"Rafu nimecheza mie," akasema. "Ya pili mtanitoa."

Kisha akaondoka. Hakuaga. Tukafikiri kakimbia. Kumbe kaenda kwake, karudi na msumeno na jembe, na mkewe, Bi Mwanahawa, nyuma yake analalamika, "Shomari, si ungesubiri hata nianue nguo!" Akalikata bomba mbele yetu, akaligeuzia upande wa uani kwake, akaanza kuchimba shimo la kupokea maji. Refa anachimba vibaya, acheni niseme ukweli. Kidogo Mzee Lyimo akamnyang'anya jembe, "Lete huku, utajikata mguu, halafu tupige kura tumchague nani?" Wengine wakaenda kutafuta mawe ya kujazia. Chama cha Kwanza mkutano wao ulianza saa kumi na viti vingi vitupu, flashi inawaita watu, watu wako shimoni.

Kura ya Mama Happy siijui. Nilimuuliza, akanipiga na futi ya kitambaa. Ila siku ya uchaguzi alitoka asubuhi bila kanga ya chama chochote, kavaa gauni lake la kanisani, na Refa alishinda. Bendera ikarudishwa, ikaenda Temeke.

Msidhani basi ikawa peponi. Siku ya pili tu Mama Happy alishaanza kumsema Refa kuliko alivyowahi kuvisema vyama vikubwa, maana huyu yuko karibu, anamsikia. Mwenye geti la bluu alimjibu kwa kiburi, "Kijana, chama kinanijua mie ni nani." Refa akamwambia, "Changu hakijui hata mie ni nani. Tuongee bomba." Akawa anakwenda kila Jumamosi kupiga kipenga pale getini, watoto wanajaa, mpaka mke wa yule bwana akamwambia mumewe ama ageuze bomba ama yeye arudi Moshi. Likageuzwa. Mwenye ghorofa alijitia kusafiri. Aliporudi alikuta mkutano wa mtaa umehamia mlangoni kwake.

Ukuta hatuna. Barabara bado ile ile, maji ya bomba bado yanakuja yakijisikia. Kuna wanaosema Beseni nao wakikua watakuwa kama wenzao, na mie sibishi. Refa mwenyewe alishaanza kuja mkutanoni na shati la kitenge. Mama Happy alimwambia mbele ya watu, "Hilo shati angalia lisikuzoee."

Lakini masika haya yalinyesha ile mvua mliyoiona, ya mchana, mpaka shule tukaruhusiwa mapema. Nilikimbia nyumbani nikamkuta amesimama ukingoni na mwavuli, sio mlangoni. Nikasimama naye. Maji yalikuja, ila yalikuwa membamba, ya njia yenyewe tu, yakapita yakateremka zake. Udongo ulibaki. Tulingoja mpaka mvua ikakata. Akarudi kwenye cherehani akamalizia suruali ya mtu.

Kesho yake akamwita fundi aje apime chumba changu akipige lipu. Miaka yote kilikuwa tofali tupu, kwa sababu alisema hawezi kupaka saruji kwenye kitu kinachoondoka. Fundi anataka mchanga, na wa kubeba mchanga kutoka barabarani ni mie. Kwa hiyo nyie wawili mnaotaka kazi kwa Baba Shani, kabla hamjaenda, njooni Jumamosi na ndoo.